Wakuu naomba ushauri: ./configure inamaliza vizuri, lakini Python inatoka bila ssl

Kijana wa Kibaoni
Wakuu habari za jioni. Nimekwama na roho haijatulia. Najenga Python 3.11 kutoka kodi chanzo. ./configure (script inayopima mashine kabla ya kujenga) inafika mwisho bila kugoma, make inayojenga yenyewe nayo inamaliza, ila nikiita pip ya kuvuta pakeji za Python inalalamika kwamba moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama, haipo. OpenSSL, maktaba inayotegemewa na ssl, ipo, nimeandika openssl version na imejibu. Kwa nini configure haiioni? Jumatatu mfumo unatakiwa uanze kupokea malipo.

Mama Nasri
Weka libssl-dev, pakeji ya kujengea na OpenSSL, mambo yaishe.

Fundi Mitambo
Mkuu, kuwa na programu ya openssl si kuwa na vifaa vya kujengea. Configure haisomi orodha ya vitu ulivyoweka kwenye mashine. Inaandika kijiprogramu kidogo cha C, conftest.c, inajaribu kukikompaili na kukiunganisha na maktaba husika. Kikipita inaandika yes, kikikwama inaandika no na kusonga mbele, maana kwa Python ssl ni moduli ya hiari. Kwa hiyo kufika mwisho bila kugoma hakukuambii kitu. Sababu ya kukwama iko ndani ya config.log, kumbukumbu ya majaribio hayo. Ifungue, tafuta openssl, bandika hapa unachokiona. Na ni Linux gani?

Kijana wa Kibaoni
Mama Nasri, hiyo nilishaiweka kwa apt na kwenye laptop ikakubali. Fundi, ni Linux ya kawaida tu mkuu.

Msee wa Rongai
Hii imenikumbusha PostGIS, nyongeza ya ramani kwenye database ya PostgreSQL. Yenyewe hutafuta programu inaitwa geos-config ili ijue GEOS, maktaba ya jiometri, iko wapi. Mimi nilikuwa na Anaconda, furushi la Python lenye maktaba zake, nayo imejiweka mbele kwenye PATH, orodha ya mahali mashine inapotafutia programu. Kila nikijenga, configure inachukua geos-config ya Anaconda badala ya ile ya mfumo, halafu nikiwasha database maktaba haipatikani. Nilidhani GEOS imeharibika kumbe ni mpangilio wa PATH. Andika which -a na jina la programu uone ziko ngapi.

Bin Mzee
Vijana mna haraka sana ya kujenga vitu ambavyo vipo tayari kwenye pakeji. Seva ya malipo si mahali pa kujifunzia.

Fundi Mitambo
Hakuna Linux ya kawaida. Andika cat /etc/os-release. Bila hiyo tunapiga ramli.

Kijana wa Kibaoni
Sawa. Ni CentOS 7, Linux ya zamani, seva ya ofisi, iko kazini. OpenSSL yake ni 1.0.2k. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia nihame, na bosi hataki kusikia habari ya kuhama mwezi huu. Lakini nimeshafika nusu ya njia: nimeipa configure ac_cv_working_openssl_ssl=yes, yaani nimeijazia jibu la jaribio la OpenSSL, na sasa inaandika yes. Naona kilichobaki ni kidogo.

Fundi Mitambo
Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kuanzia 3.10, Python inataka OpenSSL 1.1.1 au ya juu zaidi. Jaribio lilikuwa linakwambia ukweli, wewe umeliandikia jibu. make ikifika kwenye _ssl.c itashindwa kuikompaili na kusonga mbele, na mwishoni utaziona _ssl na _hashlib kwenye orodha za moduli zilizoshindikana au kukosekana.

Kijana wa Kibaoni
Zimo kweli. Lakini mkuu, vigeuzi vya ac_cv wameviweka wenyewe wa Autoconf, zana inayotengeneza configure. Wanaojenga programu za mashine nyingine wanavitumia kila siku. Si kosa.

Fundi Mitambo
Wanavitumia kwa sababu kijiprogramu cha jaribio hakiwezi kuendeshwa kwenye mashine wanayojengea, na wanajaza jibu wanalolijua kuwa sahihi. Wewe umejaza jibu unalolitamani.

Bin Mzee
Na majaribio haya si mambo madogo. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kuona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Sehemu ya hila ilifichwa kwenye faili la m4 linalotumiwa na configure. Na kwenye faili la CMake, mfumo mwingine wa kujengea, mlikuwa na nukta moja iliyopachikwa katika kijiprogramu cha kupima Landlock, ambacho ni kinga ya kernel. Kwa nukta ile kisingekompailika kamwe, kwa hiyo jibu lingekuwa daima kwamba Landlock haipo, na kinga isiwashwe. Nukta moja tu, na watu waliipita bila kuiona.

Kachumbari
Samahani, mimi naona hii imetungwa. Juu kasema apt, chini CentOS 7. CentOS 7 haina apt, huweka pakeji kwa yum. Halafu mtu anakijua ac_cv_working_openssl_ssl lakini hajui kufungua config.log? Hili ni swali la usaili, anatafuta majibu.

Mama Nasri
Hata mimi nimeshtuka.

Kijana wa Kibaoni
Dada na kaka, laptop ni Ubuntu, seva ni CentOS. Ni mashine mbili. Hicho kigeuzi nilikikuta humo humo kwenye script ya configure. Ningekuwa natunga, ningekuwa na yum inayofanya kazi. Haifanyi kazi tangu nilipoelekeza /usr/bin/python kwenye Python mpya.

Fundi Mitambo
Simama hapo, usiguse kingine. Yum ya CentOS 7 inaendeshwa na Python 2.7 kupitia njia hiyo hiyo. Rudisha: ln -sf python2 /usr/bin/python. Kisha hazina za yum zielekeze vault.centos.org, kunakohifadhiwa pakeji za zamani, kwa sababu CentOS 7 ilifikia mwisho wake 30 Juni 2024.
OpenSSL ya mfumo iache kama ilivyo. Jenga 3.0 kwenye /opt/openssl3. Itadai moduli ya Perl IPC::Cmd, iweke kwa yum. 1.1.1 usiichukue kwa mfumo wa malipo, huduma yake iliisha Septemba 2023. Ukijenga hiyo 3.0 ongeza --libdir=lib, vinginevyo itajiweka kwenye lib64 na Python itaitafuta kwenye lib iikose. Kisha fungua tarball (furushi la kodi) ya Python upya, ipe configure --with-openssl=/opt/openssl3 na --with-openssl-rpath=auto ili Python iikumbuke njia ya OpenSSL hiyo, na umalizie kwa make altinstall isiyofunika python3 iliyopo, si make install.

Kijana wa Kibaoni
Yum imerudi. Configure imeandika yes kwenye mstari wa _ssl, na safari hii sijaijazia.

Kachumbari
Bandika jibu la ssl.OPENSSL_VERSION.

Kijana wa Kibaoni
Imetoka OpenSSL 3.0. Na pip imevuta pakeji ya kwanza bila kulalamika.

Kachumbari
Basi nakuamini kaka, samahani.

Mama Nasri
Nadandia uzi jamani. Mimi ssl ipo ila _ctypes, moduli ya kuita maktaba za C, ndiyo haipo. Niko Debian.

Fundi Mitambo
Weka libffi-dev, pakeji ambayo _ctypes inaihitaji, kisha endesha configure upya kabla ya make. Ikikataa, leta config.log.