Re: Wakili wa wosia, Nakuru au Kisumu

> Wapendwa, nina shamba Njoro (Nakuru) na ploti ndogo Kajulu (Kisumu). Niko Minnesota, nafanya kazi ya kutunza wazee, na wanangu wawili wamezaliwa huku. Wakili wa huku ametaja bei iliyonishinda. Nyumbani nimpate wapi ninayeweza kumlipa? Asanteni.

Dada yangu, pole na kazi.

Usimlipe wakili wa Minnesota kwa ajili ya shamba la Njoro. Ardhi iliyoko Kenya hurithiwa kwa Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160), popote ulipo. Wosia ulioandikiwa huko unaweza kukubalika, lakini bado jamaa zako watahitaji hati ya kusimamia mirathi kutoka mahakama ya Kenya kabla msajili wa ardhi hajabadilisha jina. Kwa hiyo pesa zako chache zipeleke kwa wakili wa Nakuru. Mmoja anatosha kwa mali zote mbili, maana wosia ni karatasi moja.

Kumpata si kazi. Waulize watu wa kanisa lako au chama chenu ni nani aliyewamalizia kesi ya urithi, nasisitiza kuimaliza, kwa kuwa wanaoanzisha ni wengi. Kisha tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Asiye nacho muache, hata kama ni binamu.

Kuhusu bei, amri ya malipo ya mawakili ya 2014 imeweka viwango vya chini kwa kazi nyingi, na wakili haruhusiwi kushuka chini yake. Anayekuahidi bei ya kutupa ana njia nyingine ya kuzirudisha pesa zake. Mwambie akuandikie bei ya wosia peke yake, kando na ya kuutunza na ya kuwa msimamizi wa mirathi yako. Lipa kwa akaunti ya ofisi, udai risiti. Tafadhali usimtume shemeji na pesa taslimu.

Usiahirishe jambo hili. Mtu akifa bila wosia, familia huanza na barua ya chifu, inafuata tangazo kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za pingamizi, halafu kwa kawaida miezi sita kabla ya ile hati ya mahakama kuthibitishwa. Ndugu wakigombana, kila hatua ina bili yake, na mwisho kipande cha shamba kinauzwa kulipa mawakili. Nimeona watoto wakikosa hata pa kujenga kwa sababu hiyo. Gharama ya wosia haikaribii hata kidogo gharama ya kesi kama hiyo.

Wenu, Njoro na sasa Minneapolis

---

Naongezea kidogo kutoka Kisumu.

Wosia unahitaji mashahidi wawili. Usimweke mtoto utakayemrithisha kuwa shahidi, maana zawadi yake itabatilika, isipokuwa kuwe na wengine wawili wasio na faida yoyote. Na watoto wako wote wataje, hata wa nje ya ndoa. Mke, mume au mtoto aliyeachwa bila chochote anaweza kwenda mahakamani kudai sehemu, na wosia wako utageuka kuwa kesi ileile uliyoikimbia.

Wanao waliozaliwa huko wasikutie hofu: mtoto wa Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wachukulie vitambulisho au pasipoti za Kenya ungali hai, kwa sababu raia wa kigeni haruhusiwi kumiliki ardhi hapa isipokuwa kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kama hela hazipo kabisa, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Kisumu na huwasaidia kina mama wasiojiweza. Na kama mali yote haizidi shilingi milioni 20, kesi ya mirathi inaweza kusikizwa na hakimu mkuu wa mahakama iliyo karibu, si lazima iende Mahakama Kuu.

Niandikie kando nikueleze ulete nini siku ya kwanza: nakala ya hatimiliki, kitambulisho, cheti cha ndoa na majina kamili ya watoto.