Likizo Ujerumani: nimeanza kazi mwezi wa nne, nina siku ngapi hasa?

Habarini ndugu zangu. Niko Berlin, nimeanza kazi tarehe 1 mwezi wa nne 2026, siku tano kwa wiki, mkataba unasema likizo siku 20 kwa mwaka. Sasa bosi anasema mwaka huu ninazo 15 tu kwa vile nimeingia katikati, na nisiguse hata moja mpaka miezi sita iishe. Dada yangu anaolewa Hamburg mwezi wa kumi, nataka niwepo wiki nzima. Na ile tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya Muungano wa Ujerumani, ni Jumamosi, nilidhani Jumatatu tutapumzika, nimeangalia kalenda pale kantini, Jumatatu haina alama yoyote.

MamaZamu: Mdogo wangu, miezi sita kweli ipo kwenye sheria, kabla ya hapo mpaka mkubaliane. Ila hiyo 15 usikubali! Umeanza kabla ya Julai, kwa hiyo miezi sita yako inatimia mwaka huu huu, mwisho wa Septemba, ukishavuka hapo unadai zote 20. Kugawa kwa miezi ni kwa walioanza Julai na kuendelea au wanaoacha kazi kabla hawajatimiza sita. Ukisoma sheria utakuta 24, usishtuke, wamehesabu wiki ya siku sita. Ila kama mwaka huu ulishachukua likizo kwa mwajiri mwingine, hizo zinakatwa.

Kaka_wa_Augsburg: Sikukuu ikiangukia wikendi huku imepotea, hairudishwi, na mimi hili linaniuma sana kwa sababu Uingereza wanahamishiwa siku ya kazi. Berlin mwaka huu mmeumia, 8 Machi Jumapili, 3 Oktoba Jumamosi, 26 Desemba Jumamosi. Na kila jimbo lina zake, nyie mnazo 10, sisi Augsburg mjini 14 maana tunayo na 8 Agosti peke yetu.

MamaZamu: Nyingine, ukiugua ukiwa likizo nenda kwa daktari siku hiyohiyo uchukue cheti, siku hizo hazihesabiwi likizo. Mimi nililala na homa siku nne, nikaenda ya nne, nikarudishiwa moja tu. Na ombi lako liandike, usiliseme kwa mdomo.

Muuliza swali: Asante sana dada. Nimeshaandika, tarehe 5 hadi 9 Oktoba, na hapo chini nimeweka kwamba zinabaki 15.