Mjadala: Simu zipigwe marufuku ndani ya daladala na mwendokasi?

Mkazi wa Kimara:
Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu nimechoka. Juzi jioni nilipanda basi la mwendokasi hapa Dar kutoka Kivukoni, tumesimama tumebanana, nyuma yangu kijana anatazama mpira kwenye simu kwa sauti ya mwisho, na mbele yangu mama mmoja wa sokoni anagombana na mdeni wake akiwa ameweka laudi, yaani spika ya nje, kiasi kwamba tulipofika Magomeni basi zima lilishajua mdeni huyo anaitwa nani, anadaiwa kiasi gani na mkewe anaishi wapi. Pendekezo langu ni kwamba LATRA, ambayo ndiyo inayosimamia usafiri wa nchi kavu, iweke kanuni kuwa ndani ya chombo cha abiria simu isipigwe wala kupokelewa, labda iwe dharura. Japani walishakataza kabisa na treni zao zimetulia. Sisi tangu 2024 tuna treni ya SGR ya kutupeleka Dodoma, lakini tabia tunazopanda nazo bado ni za gulioni. Watu wa sokoni wamezoea kupiga kelele na hawajui kwamba kuna mahali pa kunyamaza.

Mama Matenga, Ilala:
Kaka yangu, umesema unaleta hoja ya simu, lakini uliowapiga ni sisi. Mimi nauza nyanya. Mzigo wangu unapakiwa Ilula, Iringa, unakuja na Fuso usiku kucha, na dereva hunipigia alfajiri akiwa kwenye mizani ya Vigwaza kunieleza amepita au amekwama, nami wakati huo niko ndani ya daladala naelekea sokoni. Nisipopokea simu hiyo, dalali anashusha matenga yangu mwenyewe na kuyapangia bei anayoitaka, na nyanya zikishalainika hakuna wa kunifidia. Sauti napaza kwa sababu injini inanguruma na konda amefungulia muziki. Wapo waheshimiwa wenye tai wanaofanya vikao vyao vya kazi kwa laudi katika mabasi hayo hayo, tena kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na hao hukuwaona.

Abiria wa Gongo la Mboto:
Namuunga mkono Mama Matenga kwa asilimia mia. Neno "gulioni" lilikuwa la dharau na mleta hoja analijua hilo. Anayekerwa na sauti za watu anunue gari lake.

Niliwahi Kuishi Nagoya:
Naomba nisahihishe jambo moja kuhusu Japani, maana kila mjadala wa namna hii lazima itajwe. Hakuna sheria ya nchi inayokataza simu ndani ya treni zao. Kampuni za reli ndizo zinazowaomba abiria, kwa matangazo yanayorudiwa kila wakati, waondoe mlio na wasizungumze kwa simu, ila kuandika ujumbe au kutazama video kwa hedifoni hakumkwazi yeyote. Karibu na viti vya wazee na wagonjwa huombwa kuzima kabisa behewa likijaa, na hofu iliyoanzisha utaratibu huo ilikuwa juu ya watu wenye vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo. Mumbai nako, mwaka 2023, shirika la mabasi la BEST lilikataza kucheza video na muziki bila hedifoni na kuzungumza kwa simu kwa sauti kubwa. Kilichokatazwa ni sauti, na simu yenyewe ikaachwa. Nadhani hiyo ndiyo tofauti tunayopaswa kuijadili.

Mkazi wa Kimara:
Sikumtukana mtu. Marehemu mama yangu aliuza samaki Feri na ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo sihitaji kufundishwa heshima ya wafanyabiashara. Nilichosema ni kwamba biashara ya mtu haimpi haki ya kunilazimisha niisikilize. Huyu wa Gongo la Mboto anayeniambia ninunue gari anieleze pia kwa nini mimi niliyelipa nauli sawa na yake sina haki ya kufika nyumbani bila kuumwa kichwa.

Konda wa Mbagala:
Shikamooni wakubwa. Nimeona nimetajwa. Redio ya gari ni ya dereva, konda hana mamlaka nayo, na mara nyingi nikimwomba apunguze ananijibu kuwa muziki ndio unaomfanya asisinzie. Mimi kazi yangu ni hesabu ya tajiri. Simu za abiria zinaniumiza kwa namna nyingine ambayo hakuna aliyeigusa: mtu anakaa dirishani na kioo kipo wazi, simu ipo sikioni, gari limesimama kwenye mataa, kibaka anaikwapua na kutokomea kati ya magari, na abiria anageuka kunishika mimi shati kwamba nimeshirikiana na mwizi. Kila siku natangaza kwamba wa dirishani waweke simu ndani, na wananitazama kama nawaingilia maisha yao. Kama kuna kanuni inayohitajika, ianze na dirisha.

Abiria wa Gongo la Mboto:
Konda, na dereva wako je? Anaendesha kwa mkono mmoja, simu imebanwa begani, anaulizana na mwenzake trafiki wamesimama wapi. Sisi tunazozana kuhusu nyanya wakati simu inayoweza kutuua ipo kwenye usukani.

Konda wa Mbagala:
Sio madereva wote, mzee wangu. Wangu simu huniachia mimi nimpokelee. Msituweke wote kapu moja.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Ninawasoma tangu mwanzo na naona wote mnazungumza kama watu wanaosafiri mchana. Mimi hutoka kazini saa nne usiku na wakati mwingine hupata gari la mwisho lenye wanaume watupu. Nikishakaa humpigia dada yangu, na kwa makusudi kabisa nasema kwa sauti nimepanda gari la wapi, limeandikwa nini ubavuni, limeshapita kituo gani na shemeji atanipokea wapi. Nataka konda asikie, dereva asikie, na yule aliyehama siti kuja kukaa karibu nami asikie. Sina ulinzi mwingine. Sasa mleta hoja anasema "labda iwe dharura". Hiyo dharura itapimwa na nani, na lini? Ikishaonekana wazi kuwa ni dharura, simu yenyewe haitakuwa tena mkononi mwangu.

Mama Matenga, Ilala:
Mwanangu, Mungu akulinde. Soma hapo, kaka wa Kimara, na umjibu huyu kwanza kabla hujarudi kwenye nyanya zangu.

Mkazi wa Kimara:
Dada Nesi, wewe si mtu ninayemlalamikia. Kero yangu tangu mwanzo ni laudi na video. Mtu akiongea na simu sikioni nasikia upande mmoja tu, na hilo naweza kulivumilia.

Mama Matenga, Ilala:
Tangu mwanzo uliandika "isipigwe wala kupokelewa". Maneno yapo hapo juu, kila mtu anayaona. Kama sasa unataka laudi pekee ndiyo ikatazwe, mimi nakubaliana nawe, kwa sababu hata mimi sitaki dalali asikilizwe na basi zima akinitajia bei. Lakini sema kwamba hoja imebadilika.

Niliwahi Kuishi Nagoya:
Tukifika hapo tunakaribiana. Linalobaki ni nani atakayeisimamia kanuni hiyo. Ndani ya mwendokasi hakuna konda, na dereva hawezi kuacha usukani kwenda kuamua ugomvi wa abiria, kwa hiyo pale labda tangazo la sauti kila baada ya vituo kadhaa lingesaidia, kwa Kiswahili cha kueleweka na lisilotisha. Kwenye daladala konda yupo. Konda wa Mbagala, abiria akiwa ameweka laudi na amekataa kuizima, utamshusha?

Konda wa Mbagala:
Siwezi. Nikimshusha njiani lazima nimrudishie nauli, na nauli hiyo tajiri hatakubali kuikosa, ataikata kwangu. Tena kuna abiria ambao huwezi kujua ni nani hadi ufike kituoni ukute anakusubiri na askari. Nitakachofanya ni kumwomba kwa adabu mara moja, ya pili nitawaomba walio karibu naye wanisaidie kumwomba, na akikataa safari inaendelea. Mkitaka nifanye zaidi ya hapo, kanuni hiyo ibandikwe ndani ya gari ikiwa na mhuri wa LATRA, ili abiria agombane na karatasi na mimi niendelee kukusanya nauli.