Kaseti 46 za marehemu baba, au nilipie muziki kila mwezi?

Binti Langoni, Lamu
Assalaam alaykum jamaa. Marehemu baba aliniachia kaseti 46, zimo sandukuni chini ya kitanda. Nyingi ni taarabu za harusi za mtaani kwetu, na moja ina bibi yangu akiimba vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, pembe zikilia nyuma yake. Mpwa wangu ataka nizitupe, nyimbo zote ziko kwenye simu. Nimelipia programu ya muziki miaka miwili. Mwezi wa saba kusi lilikaza, mahamri hayakuuzika, sikulipa. Kila wimbo niliokuwa nimeupakua ukafungwa. Na bibi hayumo humo hata nilipe mara kumi! Nifanyeje? Kaseti kadhaa zishashika kuvu.

Fundi wa Maweni, Malindi
Waalaykum salaam dadangu. Usitupe hata moja. Kwanza vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ya bibi, mtu asije akarekodi juu yake. Zenye kuvu usizicheze bado, zitachafua kichwa cha redio kinachosoma utepe na kuambukiza nyingine. Zilizo safi, toa waya kwenye tundu la spika za masikioni uingize kwenye kompyuta, urekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure. Dakika 90 kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, hula karibu MB 900, kwa hivyo zote zaenea kwenye memori kadi ya GB 64. Fanya nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Mwalimu Mstaafu, Mkomani
Mwanangu, filamu mimi nalipia kwa mwezi, nikishatazama nimemaliza nayo. Kitu cha kurudiarudia ni mbali. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kulipa, ikidai muuzaji hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa vikaondoka nalo. Pesa zilirudishwa, lakini msomaji alitaka kitabu. California sasa ina sheria: anayeuza leseni tu, yaani ruhusa ya kutumia, asiandike "nunua" bila kumweleza mteja.

Binti Langoni, Lamu
Shukrani, mwalimu, nawe fundi. Vidude nishavivunja. Programu nitalipia nikiwa na pesa, kwa nyimbo mpya. Aliye na redio ya kaseti nzima hapa Lamu aniazime siku mbili, yangu mpira wake umekatika. Naanza na bibi.