Naomba ushauri: sungura wangu amegoma kula ghafla
Habari zenu wadau. Sungura wangu, jike wa miaka 3, juzi jioni alikuwa anarukaruka vizuri tu. Asubuhi nikamkuta kajikunyata pembeni, anasaga meno, masikio ya baridi, bandani hakuna hata punje ya kinyesi. Daktari wa mifugo alisema utumbo umesimama, akamchoma sindano ya maumivu na kumwekea maji chini ya ngozi. Sasa namlisha uji wa nyasi za kusaga kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo asije akapaliwa. Leo katoa punje tatu, ndogo na kavu. Nimelia kwa furaha. Ila nyasi anazinusa tu, kisha anageuka. Mliowahi kuuguza sungura, mlimrudishaje kwenye nyasi? Na usiku mlimlisha kila baada ya saa ngapi?