Waliowahi kujijengea mfumo kazini badala ya kununua: tupeane uzoefu

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Ofisini kwetu kuna mjadala unaorudi kila msimu wa bajeti: tununue mfumo wa kompyuta au tujenge wenyewe? Humu wengi wanaojibu swali hilo wana kitu cha kuuza, kwa hiyo leo naomba waliowahi kujenga, au waliotumia kilichojengwa na kijana wa IT wa ofisini, waseme yaliyowakuta. Naanza mimi.

Niko SACCOS ya wafanyakazi, wanachama hatufiki 900. Tulikuwa na mfumo wa kununua. Leseni kila mwaka, na ukitaka ripoti iongezwe safu moja tu, unaletewa ankara. Bodi ilipohamisha mikopo kutoka riba ya mkupuo kwenda riba ya salio linalopungua, bei tuliyotajiwa kwa badiliko hilo ilimfanya mwenyekiti avue miwani aisome upya. Nikajitolea kujenga. Nilikuwa na PHP, MySQL na kiburi.

Ilinichukua miezi 7. Tulipofunga mwezi wa kwanza, mama mhasibu, yule mwenye kikokotoo cha kutoa karatasi, akaniita: "Mwanangu, hapa pana upungufu wa shilingi 3." Nikamjibu, mama, shilingi 3 hata pipi hupati. Hakunijibu. Alivuta kiti, akakigonga mgongoni, nikakaa.

Tulitoka saa 2 usiku. Mikopo midogo yote ilikuwa sawa, iliyopinda ni mikubwa tu. Safu za fedha nilikuwa nimeziweka FLOAT, aina ya namba inayokadiria, na FLOAT ikivuka 16,777,216 haishiki tena kila shilingi, inaruka. Mwenye salio la 48,350,275 mfumo unamwandikia 48,350,276. Kosa la mwaka wa kwanza chuoni kabisa. Nikabadili zote kuwa DECIMAL, inayoshika kila tarakimu, na kurudia hesabu za mwezi mzima. Tangu siku ile sibadilishi kitu chochote bila mama kukipitisha kwanza kwenye karatasi zake, na kila mara anakuta kitu, kama mtu anayechagua mchele.

Karibuni.

Dirisha la Dawa

Mimi si mtu wa IT, ni mfamasia, hospitali ya misheni. Mfumo wetu alitujengea kijana aliyekuja kujitolea, akaajiriwa. Nimsifu kwanza: alikaa nasi dirishani wiki 2, akaona wagonjwa wanavyopanga foleni, akaona tunavyoandika dawa iliyotolewa nusu kwa sababu iliyobaki imeisha stoo. Mifumo ya kununua tuliyoonyeshwa haikuwa na "nusu". Wake ulikuwa nayo.

Kisha diski ya seva ikafa. Kijana alikuwa mtulivu, akasema bakapu (nakala ya akiba) ipo, inajichukua yenyewe kila saa 8 usiku. Kweli faili zilikuwepo, mamia, kila moja na tarehe yake. Akafungua ya jana, tupu. Ya juzi, tupu. Kumbe miezi mingi nyuma alibadilisha paswedi ya kanzidata akasahau kuibadilisha kwenye bakapu, basi kila usiku mashine ilikuwa inatengeneza faili jipya la KB 0 na kulipatia jina zuri. Tulirudi kwenye madaftari, stoo tukaihesabu upya kwa mikono, hadi vidonge vya kwenye makopo. Sijasahau mgongo wangu siku zile.

Mtunza Daftari

Pole sana dada. Na kijana?

Dirisha la Dawa

Yupo, na mfumo bado ni wake. Ila sasa kila Ijumaa anarudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine, mimi natafuta wagonjwa 5 ninaowakumbuka. Wakionekana, nasaini.

Bursa wa Pwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Shule yetu ya binafsi, karo inalipwa kwa paybill ya M-Pesa, mzazi anaandika namba ya mwanafunzi kwenye sehemu ya akaunti. Tangu Safaricom wafungue Daraja 2017, njia ya kuunganisha mifumo mingine na M-Pesa, mwalimu wetu wa kompyuta alifanikiwa kuunganisha malipo moja kwa moja na leja. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Wazazi sasa. Mmoja anaandika "Amina". Mwingine "mtoto wa form 2". Kuna baba mmoja kila muhula anaandika "karo", basi. Mwalimu alitaka mfumo ukatae malipo yasiyo na namba sahihi. Nikamwambia bwana, mzazi ametafuta hiyo pesa mwezi mzima, wewe unairudisha kwa sababu ya herufi? Tukatengeneza ukurasa wa malipo yasiyo na mwenyewe, naufungua kila asubuhi na chai yangu, nayagawa kwa kutambua namba za simu. Mfumo wa kununua tungeununua bila ukurasa huo, maana hakuna muuzaji angemfahamu huyo baba wa "karo".

Kiti cha Nyuma

Mnasifia sana. Kwetu jamaa aliyejenga alipata kazi pazuri zaidi, akaaga vizuri, keki ikakatwa. Wiki ya pili VAT ikahitaji kurekebishwa. Hakuna hata ukurasa 1 wa maelezo, majina ya safu ni "x1", "x2", "temp_mpya_mwisho2". Tunampigia, tunamlipa kwa saa, anakuja Jumamosi akiwa na nafasi. Leseni ilikuwa nafuu.

Mzee wa Control Number

Nakazia kidogo upande wa serikalini, Tanzania. Huko kujenga ndani kumeshika: GePG ya 2017, mfumo wa malipo ya serikali uliotuletea control number (namba ya kulipia), MUSE ya uhasibu iliyochukua nafasi ya Epicor, NeST ya manunuzi ya umma iliyochukua nafasi ya TANePS 2023. Lakini huamki tu ukajenga, mradi unapita kwanza eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), na nyaraka zinadaiwa. Tulikuwa tunanung'unika. Mwenzetu alipohamishwa, aliyekuja alisoma zile nyaraka tulizoandika huku tumenuna, na baada ya siku chache alikuwa anarekebisha ripoti. Kiti cha Nyuma, shida yenu si kujenga. Mlimwajiri mtu 1 mkamwita idara.

Kiti cha Nyuma

Mkuu, hiyo ya "idara" imeniuma kwa sababu mlangoni kwake paliandikwa hivyo hivyo.

Mtunza Daftari

Dirisha la Dawa, nimesoma yako nikashindwa kulala. Nimeingia kwenye seva sasa hivi. Ya jana ipo, MB 212, nimeirudisha kwenye laptopu, salio la mama linaonekana sawa. Ya juzi ipo.

Ya Jumapili haipo kabisa. Narudi.