Mjadala: Wabunge wa Marekani kupinga kura za wajumbe, saini za moja ya tano zinatosha?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Rais wa Marekani hapatikani kwa kujumlisha kura za wananchi nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wanaompigia Rais kura, jumla 538, na tarehe 6 Januari Seneti na Baraza la Wawakilishi, vyombo viwili vya Bunge, hukaa pamoja kuhesabu kura za wajumbe hao, jimbo kwa jimbo. Hapo ndipo mbunge anaweza kuweka pingamizi.

Sheria ya zamani ni ya 1887. Ilizaliwa na sekeseke la 1876, pale Florida, Louisiana na South Carolina zilipoleta matokeo mawili mawili, na mgombea urais Hayes akaishia kutangazwa mshindi kwa kura 185 dhidi ya 184 za mpinzani wake Tilden. Ilitaka saini mbili tu, ya mwakilishi mmoja na ya seneta mmoja. Zikipatikana, kila chombo kinarudi ukumbini kwake, kinajadili kwa muda usiozidi saa mbili, kisha kinapiga kura. Mwaka 2022 wakairekebisha: sasa ni moja ya tano ya kila chombo, yaani wawakilishi 87 na maseneta 20 viti vyote vikiwa vimejaa. Sababu za kupinga zimebaki mbili: wajumbe hawakuthibitishwa kihalali, au kura ya mjumbe haikupigwa ipasavyo. Makamu wa Rais, anayeongoza kikao, ameambiwa wazi kwamba hana mamlaka ya kukataa kura ya mtu.

Mimi naona wamefanya nusu ya kazi. Kuwasilisha pingamizi kumekuwa kugumu, lakini likishawasilishwa bado linaamuliwa kwa wingi wa kawaida wa vyombo vyote viwili. Chama kinachoshika Seneti na Baraza kinaweza kufuta kura za jimbo zima bila kumwomba mpinzani hata kura moja. Ningeweka theluthi mbili.

Angalieni 2021. Jengo la Bunge limevamiwa, watu wamekufa, wabunge wamerudi usiku kumalizia kazi, na bado wawakilishi 121 wakaunga mkono pingamizi dhidi ya Arizona na 138 dhidi ya Pennsylvania. Hiyo 87 ilipitwa mbali sana. Kilichoponya nchi ni Seneti, ambako waliounga mkono walikuwa 6, kisha 7. Uchaguzi wa taifa hauwezi kuachwa utegemee msimamo wa maseneta waliopo mwaka huo.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unazungumzia 2021 tu. Januari 2001 wawakilishi, wengi wao Wamarekani weusi, walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga kura za Florida. Al Gore, Makamu wa Rais aliyeshindwa uchaguzi huohuo, ndiye aliyekuwa kwenye kiti, na kila mara aliuliza kama kuna saini ya seneta. Haikuwepo, wakakalishwa chini. 2005 seneta Barbara Boxer akasaini pamoja na mwakilishi Stephanie Tubbs Jones pingamizi kuhusu kura za Ohio, ambako watu walipanga foleni kwa saa nyingi kwenye mvua. Walisema wazi hawataki kupindua matokeo. Walishindwa 74 kwa 1 Seneti na 267 kwa 31 kwa wawakilishi, lakini foleni zile zilijadiliwa ndani ya Bunge. Kwa sheria ya leo wasingefungua hata mdomo. Wewe unataka kuwabana zaidi?

Mchangiaji wa pili

Kwani mwanasiasa anaamua kesi ya mwanasiasa mwenzake kwa nini? Kenya una siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya urais, nayo ina siku 14 za kuamua. Septemba 2017 majaji walifuta ushindi wa aliyekuwa madarakani na uchaguzi ukarudiwa. Huku Tanzania Ibara ya 41(7) ya Katiba inaifungia mahakama mlango kabisa, kwa hiyo najua ninachokililia.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, foleni za Ohio zilistahili kusikilizwa, nakubaliana nawe kabisa. Ila Januari ni kuchelewa. Aliyekata tamaa akaondoka kwenye foleni Novemba hawezi kurudishiwa kura yake na hotuba ya dakika tano. Malalamiko hayo yana kamati za Bunge na yana mahakama. Theluthi mbili yangu haimzuii mtu kusema, inazuia kufuta.

Wa pili, sheria ya 2022 imeisogelea hoja yako: mgombea anayelalamikia cheti cha wajumbe wa jimbo anasikilizwa haraka na majaji watatu, na rufaa inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu ya Marekani. Lakini neno la mwisho la kuhesabu bado liko kwa wabunge.

Wapo watakaosema 2025 ilipita salama. Ni kweli, Kamala Harris, Makamu wa Rais wakati huo na mgombea aliyeshindwa, aliongoza kikao akatangaza 312 za mpinzani wake na 226 zake, hakuna aliyepinga. Ila aliyeshindwa alikuwa ameshakubali tangu Novemba. Kwa hiyo anayetetea wingi wa kawaida anijibu: siku aliyeshindwa atakapogoma, na chama chake kina viti vingi Seneti na Baraza, ni kifungu gani kitawazuia?